Omba Picha ya Mgongo: Kuzitambua Bafule za Zamani Kabla ya Kutuma Pesa

Tangazo la bafule za zamani huja na picha moja tu, na picha hiyo ni ya mbele. Kitambaa kimepanguswa vumbi, jina la kampuni linang'aa, na chini yake muuzaji ameandika kwamba ni mali iliyoachwa na Wabelgiji, kwamba zinapiga kuliko za siku hizi, na kwamba bei ni ya dola. Hapa Kalemie matangazo ya namna hii hutufikia kwa WhatsApp kutoka Lubumbashi, Bukavu, Kigoma na Bujumbura. Mengine hutumwa na ndugu walioko Ubelgiji, ambao wameona kitu kwenye 2ememain, tovuti ya kuuzia vitu vilivyotumika, na wanauliza haraka: nichukue au niache? Ushauri wangu ni mmoja. Kabla ya kupatana bei, na kabla ya kuuliza inapigaje, omba picha ya mgongo.

Mbele ya bafule hubadilishwa kwa saa moja. Kitambaa hushonwa upya, nembo hubandikwa, mbao hupakwa vanishi. Lakini nyuma ya spika yenyewe, kwenye sumaku na kwenye fremu ya chuma, kuna habari ambazo mdanganyifu kwa kawaida hana ujuzi wa kuzighushi. Na mgongo ninaousema si mgongo wa kasha. Spika ifunguliwe skrubu zake, itolewe, ilazwe kifudifudi juu ya kitambaa safi, ipigwe picha mchana, namba zote zisomeke. Muuzaji mwaminifu hukubali, hasa ukimwomba kwa heshima. Mwandikie hivi: "Jambo papa. Bafule zako nimeziona na nimezipenda. Naomba unifungulie, uzipige picha mgongo wa wufa, ile ya besi, na wa twita, ile ya sauti za juu, zote mbili za kila kasha, namba zisomeke. Gharama ya megabaiti nitakulipa." Akikataa kabisa kufungua skrubu chache kwa ajili ya mteja aliye tayari kulipa mamia ya dola, mwache abaki nazo.

Tuanze na sumaku, kwa sababu sumaku inatuhusu sisi watu wa Katanga ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Kwa miaka mingi spika bora za dunia zilitengenezwa kwa sumaku ya alniko, mchanganyiko wa chuma, aluminiamu, nikeli na kobalti. Katika aina iliyotumika sana, alniko ya 5, kobalti ni karibu asilimia 24 ya uzito. Kobalti hiyo sehemu kubwa ilitoka Zaire, kwenye migodi ya Gécamines huko kusini. Mwaka 1977, na tena Mei 1978, waasi wa FNLC waliingia Shaba, yaani Katanga kwa jina la enzi hizo, wakitokea Angola, na safari ya pili wakauteka mji wa Kolwezi. Kalemie wakati huo ilikuwa ndani ya jimbo hilo hilo la Shaba, na wazee wetu wanaikumbuka hofu ya siku zile. Kazi migodini ilivurugika, wanunuzi wa kobalti wakaingiwa na wasiwasi, na kufikia mwaka 1979 bei ilikuwa imepanda zaidi ya mara tatu.

Huko California na kwingineko, watengenezaji wa spika hawakuweza kubeba gharama hiyo. Waligeukia feraiti, sumaku inayotengenezwa kwa oksidi ya chuma pamoja na bariamu au stronshiamu, isiyohitaji kobalti hata kidogo. Kampuni ya JBL, iliyoanzishwa na James B. Lansing mwaka 1946, ilibadilisha karibu spika zake zote kubwa kati ya miaka ya 1979 na 1981. Kwa hiyo mapigano ya Kolwezi yameacha alama nyuma ya spika zilizotengenezwa mbali kabisa na Afrika, na alama hiyo unaweza kuisoma kwa macho.

Isome hivi. Feraiti ni pete pana na bapa, rangi ya kijivu inayokaribia weusi, imebanwa katikati ya sahani mbili za chuma. Ukiitazama kwa ubavu unaona tabaka tatu: chuma, pete nyeusi, chuma. Alniko haionekani yenyewe. Ni kipande kinene kidogo kilichofichwa ndani ya kikombe cha chuma, au kilichoshikwa na upinde wa chuma uliofanana na herufi U. Kwa nje utaona kikombe laini kilichopakwa rangi, chembamba kuliko unavyotegemea. Picha isipotosha, mwambie muuzaji arekodi video akisogeza bisibisi ya chuma ubavuni mwa sumaku. Kwenye feraiti bisibisi huvutwa kwa nguvu, maana sumaku iko wazi. Kwenye kikombe cha alniko huvutwa kidogo sana, kwa kuwa nguvu karibu yote imefungiwa ndani.

Kwa JBL, herufi na namba zinathibitisha kile ambacho jicho limeona. Spika ya inchi 15 iliyopendwa na wapiga gitaa iliitwa kwanza D130, ikafuatwa na K130, zote za alniko. Ilipoingia feraiti ikawa E130. Katika zile za kazi nzito zenye namba nne, 2220A ni ya omu 8 na 2220B ni ya omu 16, zote za alniko, na 2220H na 2220J ni ndugu zao wa feraiti, omu 8 na 16 kwa mpangilio huo huo. Mtu akikuuzia E130 akisema ni ya mwaka 1965, ama hajui au anakudanganya, na kwa mfuko wako yote mawili ni sawa.

Hata hivyo usiifanye 1978 kuwa ukuta. Philips walivumbua feraiti yao, Ferroxdure, katika maabara ya Eindhoven mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo spika ya Philips yenye feraiti inaweza kuwa ya zamani kweli kweli. Celestion wa Uingereza nao walikuwa wamehamia feraiti katika spika zao za gitaa tangu katikati ya miaka ya 1960. Ile G12M yenye kofia ya kijani, ambayo wapiga gitaa huitafuta kwa udi na uvumba, ni ya feraiti, na ile ya buluu iliyoitangulia ni ya alniko. Na alniko bado inatengenezwa leo kwa spika za bei ghali. Sumaku inakupa ushahidi wa kwanza. Ushahidi wa pili ni namba.

Katika soko letu namba zinazofaa kujulikana kuliko zote ni za Philips, kwa sababu ya Ubelgiji. Kampuni ni ya Uholanzi, lakini ilikuwa na kiwanda cha spika Dendermonde, katikati ya Ubelgiji wa Waflandi, na makasha ya Philips bado yamejaa katika nyumba za wazee wa huko. Yanapouzwa, mara nyingi jina la mbele ni jingine kabisa, kwani Philips waliuzia spika kampuni nyingi na mafundi wengi waliojitengenezea makasha. Geuza spika utafute herufi AD. Baada yake kuna namba, kisha mstari wa mshazari, kisha herufi na namba ya mwisho. Namba za mwanzo hutaja kipenyo kwa inchi, herufi hutaja kazi, na namba ya mwisho ni omu. AD12650/W8 ni wufa ya inchi 12, omu 8. AD8061/W8 ni wufa ya inchi 8. AD5060/Sq8 ni ya sauti za kati, inchi 5. AD0160/T8 ni twita yenye kuba la inchi 1. Ukishajifunza mpangilio huu, utaisoma spika ya Philips kwenye picha hata kama muuzaji mwenyewe hajui anachouza, na hapo ndipo mnunuzi aliyejifunza hupata kitu kizuri kwa bei ya haki.

Katika familia hiyo itazame kwa makini AD9710. Ni spika moja ya upana wa kama sentimita 22, yenye koni ndogo ya karatasi katikati ya koni kubwa, iliyokusudiwa kupiga sauti zote bila twita. Wapenzi wa amplifaya za taa huitafuta duniani kote. Lakini zipo zilizotengenezwa kwa omu 800, kwa ajili ya redio za Philips zisizotumia transfoma ya kutolea sauti. Ukiiunganisha hiyo na amplifaya ya kawaida, utasikia mnong'ono tu. Kwa hiyo usiishie kusoma namba 9710. Soma na maandishi yaliyofuata, na mwombe muuzaji aipime.

Philips pia walitengeneza, katika miaka ya 1970, bafule zenye amplifaya ndani, zilizoitwa MFB: RH532, RH541, RH544 na nyinginezo. Utazitambua kwa waya wa umeme unaotoka nyuma. Ni vyombo vya ajabu kwa umri wake, maana kifaa kidogo kilichogundishwa kwenye koni huipa amplifaya habari ya jinsi koni inavyokwenda ili ijirekebishe. Kwa Kalemie sizipendekezi. Umeme ukipanda na kushuka, kinachoungua ni amplifaya ya miaka hamsini ambayo mafundi wachache sana wana mchoro wake.

Spika za Marekani zina mhuri wa namba sita au saba kwenye fremu, na huo ni hazina. Tarakimu tatu za mwanzo ni kiwanda: 220 ni Jensen, 137 ni CTS, 465 ni Oxford, 328 ni Utah, 285 ni Rola. Eminence hutumia 67, tarakimu mbili. Zinazofuata ni mwaka, kisha juma la mwaka. Kwa hiyo 137 6512 ni spika ya CTS iliyotoka kiwandani juma la 12 la mwaka 1965. Mwaka ukiandikwa kwa tarakimu moja, kama 220 632, unajua ni Jensen ya juma la 32 la mwaka unaoishia na 6, lakini muongo utauamua kwa dalili nyingine. Na ukiona tarakimu mbili za mwisho zimezidi 53, umekosea kuisoma au huo si mhuri wa tarehe.

Za Ujerumani, yaani Grundig, Telefunken, Saba, Isophon, mara nyingi ni za omu 4, na waya wake huishia kwenye plagi ndogo yenye pini moja bapa na moja ya mviringo. Bapa ni hasi, ya mviringo ni chanya. Usiikate plagi hiyo kwa haraka, kwani ni sehemu ya utambulisho wake. Na usiunge jozi mbili za omu 4 pamoja kwenye amplifaya ya omu 8 kwa ajili ya harusi. Zitakuwa omu 2, na amplifaya haitafika usiku wa manane.

Sasa majina. Jina la kweli haliwi umri wa kweli. Wharfedale ilianzishwa na Gilbert Briggs huko Yorkshire mwaka 1932. Leo jina hilo ni la kampuni ya Wachina, IAG, ambayo mwaka 2019 ilitoa upya Linton, bafule iliyozaliwa katika miaka ya 1960, kwa sura ile ile ya mbao na kitambaa. Ni bafule nzuri, lakini si ya zamani. JBL L100 ni hivyo hivyo: ya kwanza ni ya mwaka 1970, na nyingine, L100 Classic, ilitoka 2018 ikiwa na sponji ya mbele ile ile ya rangi ya chungwa, buluu au nyeusi. Toa sponji utazame twita. Ya zamani ni koni ndogo ya karatasi. Ya sasa ni kuba la titaniamu. Katika makasha ya kanisani na ya bendi utaona zaidi Peavey na Wharfedale Pro, na humo swali la uzee halina uzito mkubwa. Muhimu ni kama spika iliyomo ndani ndiyo iliyotoka kiwandani.

Yapo pia maandishi madogo ambayo muuzaji hayatazami kabisa, nami nayaamini kuliko hadithi ya marehemu babu. Lebo ikitaja masafa kwa herufi c/s au cps badala ya Hz, hiyo ni ya miaka ya 1960 au kabla yake. "Made in West Germany" haiwezi kupita 1990 kwa umbali wowote wa maana. Anwani ya Ujerumani yenye tarakimu tano kabla ya jina la mji ni ya baada ya Julai 1993. Kabla ya hapo zilikuwa nne. Anwani ya Marekani yenye msimbo wa posta wa tarakimu tano ni ya 1963 au baadaye. Alama ya CE ilianza kuenea kwenye vyombo vya sauti katika miaka ya 1990. Picha ya pipa la taka lililopigwa alama ya X ilianza kuonekana mwaka 2005. Tundu la duara la Speakon, lile la kuzungusha na kufunga, lilibuniwa mwaka 1987. Likiwa kwenye kasha linalodaiwa kuwa la 1975, mtu alilitoboa baadaye, na inafaa umuulize alibadilisha nini kingine. Na ukiona PMPO na maelfu ya wati, funga mazungumzo. Spika nyingi za zamani zilizojaza ukumbi mzima ziliandikwa wati 30, 50 au 100, basi.

Ukishaitambua, uliza kama ni nzima. Hapa ziwani adui mkubwa ni unyevu pamoja na joto, na kinachokufa kwanza ni ukingo wa sponji unaoishika koni pembeni. Sponji ile huoza yenyewe hata spika isipopigwa. Ukiigusa inabaki vidoleni kama unga unaonata. Ukingo wa kitambaa au wa karatasi iliyokunjwa hudumu miaka sitini. Kwa mnunuzi wa Kalemie, kati ya spika mbili zenye sifa sawa, chukua yenye ukingo wa kitambaa. Katika matangazo ya Ubelgiji maneno "mousses à refaire" yana maana ukingo umekwisha, na hilo si balaa ikiwa bei imeshuka ipasavyo: pete za sponji huuzwa kwa kipimo, na fundi mwenye mkono mtulivu huzigundisha. Ila agiza pete hizo Ulaya pamoja na bafule zenyewe, zisafiri pamoja.

Kwa video, omba mambo matatu. Kwanza, asukume koni ya wufa taratibu kwa vidole vya mikono miwili, kandokando ya kofia ya katikati, simu ikiwa karibu. Ikikwaruza, koili imepinda au imeungua. Kuba la twita asiliguse kabisa. Pili, apime omu kwa kipimo, waya zikiwa zimefunguliwa. Ya omu 8 husoma kati ya 5.5 na 7. Ya omu 4 husoma karibu 3 hadi 3.5, ya omu 16 husoma 11 hadi 13. Isiposoma kitu, koili imekatika. Tatu, aguse nyaya za wufa kwa betri ya volti 1.5, kwa nukta moja tu, chanya kwenye nyekundu. Koni za kampuni nyingi husogea mbele. Za JBL za zamani hurudi nyuma, na hilo si ubovu: ndivyo zilivyofungwa, na ni uthibitisho mwingine kwamba unaongea na JBL ya kweli.

Linganisha jozi. Kushoto iwe na sumaku na namba kama za kulia, na tarehe zikaribiane. Moja ikiwa ya alniko na nyingine ya feraiti, moja imebadilishwa, na bei lazima iseme hivyo.

Neno fupi kuhusu pembe za misikiti na makanisa, za TOA na Ahuja. Pembe ya chuma haizeeki. Kinachokufa ni kitengo cha nyuma, na utando wake hubadilishwa. Angalia tu kama ina transfoma yenye maandishi ya volti 100 na swichi ya wati. Hiyo inataka amplifaya ya ukumbini yenye tundu la volti 100, haitakaa vizuri na ya nyumbani. Wasizidharau wanaopenda muziki: Konono N°1 wa Kinshasa waliijenga sauti yao nzima juu ya likembe zilizotiwa umeme, maikrofoni zilizochongwa kwa sumaku za magari mabovu, na pembe za aina hii.

Ukishalipa, fikiria njia. Kutoka Antwerpen hadi bandari ya Dar es Salaam, kwa reli hadi Kigoma, kisha boti hadi kwetu, bafule itapigwa na mtikisiko kila hatua. Alniko ikigongwa sana hupungukiwa nguvu. Sumaku nzito ya feraiti ikigongwa inaweza kuteleza na kuibana koili. Omba spika zitolewe kwenye makasha, kila moja ifungwe peke yake, uso ukilindwa kwa kadibodi ngumu, na makasha yaje matupu. Zifungwe kwa nailoni nzito, maana mawimbi ya ziwa hayaulizi mzigo ni wa nani. Zikifika, zipime omu hapo hapo bandarini, na ulinganishe namba moja moja na zile zilizoko kwenye simu yako kabla hujamaliza malipo ya mbebaji. Usiziwashe siku hiyo. Zikae ndani siku mbili tatu zikauke, kisha fundi atazame kapasita za kugawia sauti kati ya wufa na twita. Zile za mviringo za miaka ya 1970 nyingi zimekauka. Kuzibadilisha ni kazi ya mchana mmoja, nazo ndizo humfanya mtu aamini kwamba twita yake imekufa wakati ni nzima.